Chokaa ya Ukuta

Mimi ni mbishi, na Juba haikunipunguzia ubishi. Miaka ile baada ya mkataba wa amani, kila pembe ya mtaa wetu wa Kator ilikuwa inajengwa, nami nilikuwa mgeni kutoka Kenya, nikifundisha kemia. Mama mwenye nyumba alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Uganda na nia moja: apande khudra, ile mboga ya kuteleza, palepale nyuma ya nyumba ambapo mama yake aliipanda. Khudra ikatoka njano, ikadumaa. Wanawe walikitaka kiwanja hicho waweke kontena.

"Mvua hii ikiisha bila khudra," akaniambia, "mimi naachia wao."

Nikaleta karatasi ya litmasi kutoka shuleni, nikapima udongo. Asidi! Kwetu, kwenye mashamba ya mahindi, dawa ya asidi ni chokaa, na mafundi walikuwa wamebakisha gunia zima la chokaa ya kupaka ukuta. Sikuuliza mtu. Nililimwaga lote kwenye nusu ya kiwanja, nikamwagilia maji, nikanawa mikono nikijiona profesa.

Asubuhi mama alinigongea mlango, ameshika sahani. Ndani yake walikuwemo nyungunyungu waliokauka na kujikunja.

"Mwalimu, wewe naua wafanyakazi yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Chokaa ile ni kali, huunguza ngozi, na nyungunyungu ni ngozi tupu. Tena mambo hayo nilikuwa nayafundisha mwenyewe darasani. Lakini kumwachia mama hasara yangu sikuweza, nikaapa mvua haitaisha kabla sijairekebisha.

Nusu iliyobaki niliianza upya: nilinunua chokaa nyingine kidogo, nikaweka kikombe kimoja kwa kila hatua, nikaichanganya na udongo mpaka chini, nikaweka samadi, nikangoja. Kila Jumamosi nilichimba koleo moja, nikamwaga udongo juu ya gunia, tukahesabu mimi na mama. Mwanzoni tulipata vijinyoo vyeupe tu, vyembamba kama uzi, ambavyo huvumilia asidi. Navyo vikazidi kupungua, dalili kwamba asidi inaisha.

Mama akanuna. "Hata hao wadogo, mafi," akasema, yaani hamna tena.

Nikamwomba Jumamosi nyingine, kisha nyingine. Ya tano akajitokeza nyungunyungu mmoja mwekundu, mnene. Nilipiga kelele kama mwehu. Wiki hiyohiyo tukapanda.

Mvua zikielekea ukingoni, wanawe walikuja na utepe wa kupimia. Khudra ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu tu, ila ilikuwa kijani kibichi. Mama hakubishana nao. Aliinama akachimba kwa mkono, akawanyooshea kiganja chenye udongo unaojongea kwa nyungunyungu.

"Hapa watu bado iko kazini," akawaambia.

Wakakunja utepe wao. Mimi nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.