Bibi Aliyekataa Kubebwa, na Lifti ya Bagara

Safari yangu ya Babati ilianzishwa na bibi mmoja aliyekataa kubebwa. Mama Neema, mwenye jengo la ukumbi pale Bagara, alinipigia simu sauti ikiwa imemkauka. Jumamosi asubuhi ukoo ungekutana ukumbini, ghorofa ya tatu, kumwombea binti yake Neema kabla ya kwenda kanisani kufunga ndoa. Bibi aliyemlea Neema yuko kwenye kiti cha magurudumu, na lifti kila asubuhi ilikuwa inafika katikati, inagoma, kisha inarudi chini yenyewe.

"Neema amesema bibi asipopanda, naye hapandi," aliniambia.

Alfajiri ya Ijumaa nikapanda basi Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa lifti na mtoto wa joto. Nilivaa shati la mikono mifupi, mwezi wa saba, nikijiona mjanja kwa kusafiri mwepesi. Dodoma jua liliwaka. Kondoa nikafunga dirisha. Tulipofika Bonga, wakulima walikuwa wanarudi nyumbani wamevaa makoti, nami nimejikunja kitini, ujanja wote umeniisha.

Bagara, jioni, Mama Neema alinikaribisha makande ya moto. Nilipoijaribu lifti ilipanda na kushuka vizuri kabisa.

"Jioni inajifanya nzima," alisema. "Subiri asubuhi, fundi, uone visa vyake."

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, nilimkuta bibi tayari yuko mlangoni pa lifti, amejifunika blanketi magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wajukuu wanataka kunipandisha ngazi mabegani. Mimi si gunia la mahindi."

Nikaingia chumba cha mtambo. Tangi la mafuta lilikuwa baridi kama mtungi, na hita ya ndani haikuonyesha dalili ya kuwaka usiku kucha. Niliikagua, ni nzima. Nikamuuliza Mama Neema kama umeme huwa unakatika usiku.

"Naukata mimi," alijibu kwa fahari. "Mtambo umebeba watu kutwa nzima. Hata ng'ombe wa kulima jioni huvuliwa nira."

Nilicheka mpaka baridi ikanitoka. Lifti hii husukumwa juu na mafuta yanayotoka kwenye pampu. Mafuta yakipoa huwa mazito, lifti ikajikokota, na kifaa cha usalama kikiona safari imezidi muda wake huisimamisha na kuishusha. Hita ndiyo huyaweka mafuta katika uvuguvugu usiku, na Mama Neema alikuwa anaizima kwa huruma.

Kusubiri hita kungemaanisha kuchelewa kanisani. Nikaipeleka lifti tupu safari fupi fupi, ghorofa moja juu, kisha chini, ili pampu iyapashe mafuta kwa kuyazungusha. Mashangazi waliposikia kwamba kila safari ni dawa, wakaanza kuimba. Lifti ikirudi wanaipigia vigelegele, ikipanda wanaipigia makofi. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Niliposhika tangi tena lilikuwa vuguvugu.

Neema akaingia na shela lake, akamshika bibi mkono, nami nikabonyeza tatu. Tulipokaribia pale ilipozoea kugoma, nilibana pumzi. Lifti ikapita. Mlango ukafunguka, ukoo mzima ukasimama, na Neema akaanza kulia.

Bibi hakusogea. "Tushuke," akasema. "Hawa wameiimbia mashine. Mimi je?"

Basi tukashuka, mashangazi wakaimba upya, tukapanda tena, na ndipo bibi alipokubali kusukumwa ukumbini akambariki Neema. Walifika kanisani wamechelewa kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili, wakati wa kuaga, Mama Neema aliniahidi kwamba swichi ya umeme wa mtambo hataigusa tena usiku. Bibi akaniita, akanivisha lile blanketi lake mabegani. Nilikataa. Akanikazia macho.

"Mafuta umeyapasha, wewe uende hivihivi?"

Nilirudi nalo Dar, nikashuka stendi jasho likinitiririka, mke wangu akinicheka, na sikulivua. Nimejifunza jambo moja Babati: siku hizi nikiitwa kwenye lifti inayogoma asubuhi, kabla sijafungua begi la vifaa nauliza kwanza usiku wanailazaje.