Kisu cha Mkono wa Kushoto

Papa, ndivyo sisi Wateso tunavyomwita baba, hakuwahi kutoka nyumbani bila kisu cha kukunja mfukoni. Angesahau kofia, angesahau kitambulisho, na siku moja alimsahau hata Mama sokoni Tororo akarudi kwetu Kwapa, upande wa Uganda, peke yake, lakini kisu hakusahau. Wala hakikuwa cha ugomvi. Kilikuwa cha kukata kamba ya ng'ombe, kufungua magunia ya muhogo mkavu, kututoa miiba miguuni, na zaidi ya yote kumenya matunda. Papa akimenya chungwa, ganda lilitoka lote, refu, bila kukatika hata mara moja, na sisi watoto tuligombania nani alivae shingoni.

Alikuwa na sheria moja. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Ukimpa mtu kisu mkononi, alisema, ninyi wawili mtakosana kabla mwaka haujaisha. Unakiweka chini au juu ya kigoda, naye anakiokota mwenyewe. Mimi nimekosana na karibu kila mtu ninayemjua, pande zote mbili za mpaka, lakini na Papa sijawahi. Labda ni kwa sababu hiyo, labda ni kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kuniambia "nyamaza" nikanyamaza.

Halafu kiharusi kikampiga. Kilichukua upande wote wa kulia. Mguu ulirudi kidogo, kwa msaada wa fimbo, lakini mkono haukurudi. Ulikaa pajani kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Sauti nayo ikawa ndogo na nzito, haivuki uwanja. Kile kisu chake cha zamani ni cha kuingiza ukucha kwenye mfuo wa ubapa na kuvuta, na hiyo ni kazi ya mikono miwili. Mama alimkuta anajaribu kukifungua kwa meno. Alipiga kelele, akakichukua, akakificha.

Siku hiyo Papa alianza kukataa kula. Kwanza matunda, kisha nyama, kisha kitu chochote kilichokatwa au kumenywa na mtu mwingine. Mama akimkatia kipande cha muhogo, anageuza uso. "Mimi si mtoto," anasema. Basi alibaki na atap, ule ugali wetu wa wimbi, kwa sababu huo hukatwa kwa vidole na vidole vya kushoto bado alikuwa navyo. Lakini mtu hawezi kuishi kwa ugali mkavu. Kila nilipokwenda kumwona suruali ilikuwa imekazwa tundu moja zaidi la mshipi. Nilimwona baba yangu anakufa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, kwa sababu ya heshima tu, na sikujua nimkasirikie nani.

Mimi nauza viatu vya mitumba Busia, upande wa Kenya. Siku moja nilimwachia jirani meza yangu, nikasema leo natafuta kisu ambacho mtu anaweza kukifungua kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Nilijiona mjanja kweli. Nikauingiza mkono wa kulia ndani ya kiuno cha sketi, nikaubana humo, nikasema huu nao umekufa leo, tuone.

Muuzaji wa kwanza alikuwa ametandaza turubai chini: kufuli, tochi, vikata kucha, visu. Vingi vilikuwa vya ukucha, kama kile cha Papa. Akanionyesha kimoja chekundu chenye kila kitu, mkasi, msumeno, hata kizibuo cha chupa ya mvinyo. Mvinyo! Papa ambaye pombe yake ni ya wimbi, inayonywewa kwa mrija mrefu kutoka chungu kimoja na wazee wenzake! Nikakirudisha. Akatazama huku na huku, akatoa kingine chini ya sanduku alilokalia. Ukibonyeza kitufe, ubapa unaruka nje wenyewe.

"Hii ni ya wakora, mama," akaninong'oneza. "Ukishikwa nayo, hunijui."

Nilikijaribu kwa mkono wa kushoto, kikaruka karibu kinikate kidole gumba. Watu walikuwa wamesimama kutazama, maana mwanamke anayejaribu visu kwa mkono mmoja huku mwingine ameuficha tumboni si kitu unachokiona kila siku. Mmoja akauliza, "Kwani bwana amekukosea nini?" Wakacheka. Nikamwambia bwana wangu akinikosea sihitaji kisu, mdomo huu unatosha. Wakacheka zaidi, nami nikacheka, lakini ndani nilikuwa karibu kulia. Sikutaka kuwaeleza watu wa sokoni kwamba baba yangu hawezi kumenya chungwa.

Nilizunguka hadi jua likawa kali. Nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba visu vimetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Vile vyenye kipini kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba, hicho kipini kiko upande mmoja tu, na ukishika kwa kushoto unakuta kiko upande wa pili, ambako hakuna kidole gumba. Nilivijaribu vingi. Wauzaji waliniambia, "Si ubadilishe mkono tu?" Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha mkono nisingekuwa hapo.

Nilikipata mwishoni, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa mzee mmoja mpole. Mpini wa mbao nyeusi, ubapa wa urefu wa kidole cha kati, na kipini cha kusukuma pande zote mbili. Nilikishika kwa kushoto, nikasukuma kwa gumba, ubapa ukazunguka, tak! Ukajikaza wenyewe, hautikisiki. Kile chuma chembamba ndani ya mpini kilikuwa kimeruka na kuukaza ili usimkunjikie mtu vidoleni. Nilikifungua mara kumi. Kila nilipokifungua, yule mzee alikipokea, akakikunja, akakirudisha mezani mbele yangu na kusema, "Jaribu tena, mama, usiwe na haraka." Mara ya kumi nikautoa mkono wa kulia kiunoni, nikalipa.

Mpakani askari alikitoa kwenye mkoba wangu, akakiinua. "Mama, hii ni ya nini?"

"Ya machungwa," nikasema.

Akanitazama, akatazama mfuko wa machungwa niliobeba mkono wa pili, akanirudishia. Hakuna siku niliyovuka pale nikiwa na furaha kama ile. Niliimba juu ya bodaboda njia nzima hadi Kwapa, na dereva akafikiri nimelewa.

Nilikiweka juu ya kigoda mbele ya Papa, kama sheria yake inavyotaka. Alikiangalia muda mrefu. Akakiokota kwa kushoto. Mara ya kwanza kidole kiliteleza, mara ya pili pia, na mimi nilikuwa nimeng'ata midomo yangu. Mara ya tatu, tak! Papa akacheka, kile kicheko chake cha siku hizi kinachopinda upande, na Mama akapiga vigelegele kama mtu aliyeletewa mjukuu. Papa akabana chungwa katikati ya magoti, akalimenya. Ganda lilitoka vipande vipande, na juisi ilimwagika hadi kwenye viatu. Alikula machungwa matatu. Alipomaliza akakiweka kisu juu ya kigoda, Mama akapita, akakiokota, akakikunja, akaenda kuchota maji. Niliona hayo yote kwa macho yangu mawili, na sikuona kitu.

Wiki zilizofuata Papa alinipigia simu kila siku. "Leo nimemenya papai." "Leo nimekata nyama mimi." Mama alisema ameanza kurudisha mashavu. Nilijigamba sokoni hadi jirani yangu akachoka, akaniuliza kama nimegundua dawa ya kiharusi.

Jumapili moja nilifunga safari bila kuwaarifu. Ilikuwa kama saa sita. Njia yote kutoka barabarani ilikuwa tupu, watu wote wako kanisani, na siku hiyo kulikuwa na ubatizo, kwa hiyo ibada ingekuwa ndefu. Nilijua Mama na dada yangu wamekwenda. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtoto wa dada yangu, binti wa mwaka mmoja na miezi, alikuwa na mafua, na kwamba Papa alikuwa amesema, "Mwacheni hapa. Siku hizi naweza." Tangu Papa augue hakuna aliyewahi kumwachia hata kuku. Dada yangu alisita, Mama akamkanyaga mguu, wakamwachia.

Tuna msemo kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nimeusikia kila wakihimiza michango ya harusi. Sikuwahi kuufikiria kuwa ni habari ya mkono.

Niliwakuta uwanjani. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimemhama Papa zamani, naye ameketi kwenye kiti juani, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, umenyooka juu ya kichwa chake kama wa mtu anayeapa, na ndani yake kisu kiko wazi. Mkono wote ulikuwa unatetemeka. Mtoto alikuwa ameshika suruali yake, anavuta, anapanda goti, anakinyooshea mkono kile kitu kinachong'aa na kucheka. Papa alikuwa anamsukuma kwa goti lake zima, taratibu, mtoto anarudi tena. Chungwa lilikuwa chini kwenye vumbi, limemenywa robo. Fimbo ilikuwa imeangukia upande mwingine.

Nilikimbia, nikamnyakua mtoto. Hapo ndipo nilipoona paja la Papa. Suruali ilikuwa imechanika na kuna damu imeshaganda.

Nilielewa yote kwa mara moja, na sijui kwa nini iliniwia rahisi hivyo wakati ule na si dukani. Kisu hicho kinafunguka kwa mkono mmoja. Hakifungiki kwa mkono mmoja, si kwa mkono wa kushoto wa mzee mgonjwa. Lazima ukisukume kile chuma cha ndani kando, na papo hapo ukunje ubapa, na chuma chenyewe kimewekwa kwa ajili ya kidole gumba cha kulia. Alijaribu kukikunja juu ya paja, akajikata. Akikiweka chini, mtoto anakiokota. Akikitupa, mtoto anakikimbilia. Kusimama kunataka fimbo, na fimbo inataka mkono uleule ulioshika kisu. Kuita, sauti haivuki uwanja. Basi akakiinua juu, akangoja watu watoke kanisani.

"Tangu saa ngapi, Papa?"

"Wameondoka tu," akasema. "Nilitaka kummenyea chungwa."

Wameondoka tu! Walikuwa wameondoka saa tatu.

Mama aliniambia baadaye kwamba wiki zote hizo yeye ndiye aliyekuwa anakikunja. Papa anakiweka juu ya kigoda, anatazama kando, Mama anapita kama mtu mwenye shughuli zake, anakikunja, na hakuna anayesema neno. "Ningekuambia nini?" akaniuliza. "Ulikuwa umefurahi sana." Mara kumi yule mzee wa dukani alinikunjia, kwa adabu tu, na mimi mara kumi nikashukuru. Mimi ninayejua kutukana kwa lugha nne, nilisimama pale uwanjani nikatafuta wa kumtukana, sikupata hata mmoja. Nikalia kwa hasira hadi mtoto naye akaanza kulia.

Nilivuta kigoda, nikakiweka karibu na Papa ili akiweke kisu hapo, nikiokote. Alijaribu kuushusha mkono. Ulishuka kidogo, lakini vidole havikufunguka. Vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini. Akakitazama kigoda. Akanitazama mimi. Halafu akaniletea ule mkono, kisu na vyote.

"Chukua," akasema.

"Papa, kiweke tu hapo."

"Chukua, mama. Siwezi."

Nikashika mkono wa baba yangu kwa mkono wangu, nikavifungua vidole vyake kimoja baada ya kingine, nikakipokea kisu. Hatujakosana. Mwaka bado haujaisha, lakini najua hatutakosana, kwa sababu kukosana kunataka watu wawili wenye nguvu.

Nilimfunga paja kwa kitambaa, nikamsogezea kiti kivulini. Nikataka kukikunja kisu nikitie mkobani. Alitikisa kichwa, akanionyesha kwa macho lile chungwa lililokuwa vumbini, kisha mfuko wangu, ambamo alijua kuna mengine.

"Menya," akasema.

Nikamenya. Ganda langu lilikatika mara nne. Mtoto nilimpa pisi mbili za chungwa, akanyamaza. Nyingine nikaishika, sijui nifanye nini nayo, maana mkono wa Papa bado ulikuwa unatetemeka pajani hauwezi kushika kitu. Nikaipeleka polepole hadi karibu na mdomo wake, nikingoja ageuze uso, ageuze kama alivyozoea, aniambie yeye si mtoto. Nilikuwa tayari kabisa kuambiwa.

Papa akafungua mdomo.

Laiti angekataa.