Ngazi Sitini na Nne za Mama Pindo

Mama Pindo, fundi cherehani, alidhani ana miguu ya chuma. Miaka thelathini akikanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni, nani angemwambia habari za mazoezi? Kumbe miguu ilichapa kazi, moyo na mapafu vikastarehe. Mdogo wake alipovunjika nyonga, akawa anaugulia ghorofa ya nne, jengo lenyewe halina lifti, Mama Pindo alifika ngazi ya kumi na nane tu pumzi zikamwishia. Akarudi chini analia.

Binti wa mgonjwa alimfuata. "Mama mkubwa, daktari ameshamruhusu mama asimame, anakataa. Kila siku anakuulizia wewe. Tukubebe kwenye kiti?"

"Mnibebe, mimi gunia?"

Kesho yake akazipanda kwa pupa mara tano, asifike popote. Siku tatu mapaja yaligoma, hata cherehani hakugusa. Haraka haraka haina baraka. Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama mgonjwa alicheka, kisha akamwelekeza: "Panda kwa mwendo unaoweza kuongea. Maneno yakianza kukatika, pumzika. Na usipande kila siku, mama. Misuli hujengeka ukiipumzisha."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mama huyu, maana wengi wetu tungeishia kwenye pole. Yeye alitembea uani kwanza mpaka mwili upate moto, ndipo akapanda, akizungumza na mdogo wake kwa simu. Sauti ikikatika, anakaa. Wiki ya kwanza, ghorofa moja. Wiki ya nne, mbili. Majirani hawakukosa la kusema.

"Mama Pindo, leo umeishia kituo gani?"

"Chekeni tu. Meno ni yenu, ngazi ni zangu."

Wiki ya tisa, simu ikiwa bado sikioni, akagonga mlango. Mdogo wake alikuwa amekonda, kitanda kimemmeza. Walishikana wakalia mpaka wakachoka.

"Dada," mgonjwa akauliza, "kweli mimi nitasimama tena?"

"Kusimama baadaye." Mama Pindo akampitishia mkono mgongoni. "Leo tukae tu, tuhesabu mpaka kumi."

Mgonjwa akaketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Walipofika saba alianza kutetemeka na kumkaba dada yake shingoni, lakini nane aliitamka yeye mwenyewe.