Nyama Iliyovuka Maji

Nilipokuwa mtoto pale kisiwani Kudhaa, hakuna mwezi tuliouogopa kama Mfungo Tano, ule ambao vitabuni huitwa Safar. Wazee walisema ni mwezi wa mikosi. Ndani yake hakuna aliyeoza binti wala aliyeshusha chombo kipya majini, na mtoto akijikwaa tu bibi yake alikimbia kumsomea. Mashehe niliowasikia ukubwani wanasema hayo hayana asili katika dini, nami siwezi kubishana nao, maana chuo cha Kurani nilitolewa mapema nikatiwa jikoni. Lakini msinicheke. Sisi tuliuogopa mwezi ule kwa dhati, na hofu yenyewe ilikuwa imechanganyika na imani yetu hata usingeweza kuichambua ukaitoa.

Jumatano ya mwisho ya mwezi huo tulifanya zinguo, kuuondolea mji mikosi. Ng'ombe aliletwa kutoka bara, akazungushwa mji wote kuanzia msikitini, kupita pwani, makaburini na nyuma ya nyumba za mwisho, mpaka anarudi msikitini pale pale alipoanzia. Wanaume walimfuata wakisoma Yasini na wanawake wakaitikia dua vibarazani. Watoto tulikimbia nyuma tukigombania kumgusa mkia, kwa kuwa aliyemgusa, tuliamini, hakuugua mwaka ule. Kisha alichinjwa, na kila nyumba ikapata fungu lake.

Fungu lile lilikuwa na masharti. Lililiwa siku ile ile na kumalizwa kabla ya adhana ya Magharibi. Mifupa ilizikwa na vyungu vikaoshwa kwa maji ya bahari. Zaidi ya yote, nyama ile haikutoka kisiwani. Bibi yangu, Mwanamize, mama yake mama, alikuwa mkali kwa hilo kuliko khatibu wa msikiti. Akisema, "Nyama ya zinguo haivuki maji," alikuwa anakutazama kama kwamba umekwisha kuivusha.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa Wataliani. Walikuwa wameshazoeleka, na bendera yao pale Kismayu haikutushughulisha sana mpaka walipoanza kutaka watu wa kazi. Askari walikuja kwa mashua, wakasimama pwani, wakawateua vijana wenye mabega. Kazi ile ya lazima watu waliiita kolonya. Hakuna aliyejua inaisha lini, na aliyeondoka aliagwa kwa fatiha kama msafiri wa mbali, ijapokuwa Kismayu si mbali.

Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa Shee, mtoto wa pekee wa mamkuu, dada mkubwa wa mama yangu. Jina lake mamkuu lilikuwa Esha. Mumewe alikufa Shee akiwa mchanga, akamlea peke yake kwa kusuka mikeka. Tulikaa ukuta kwa ukuta, na Shee alikuwa kaka yetu hasa. Mdogo wangu Madi alijifunza kutembea akiwa ameshika vidole vyake.

Basi zinguo la mwaka ule lilifika, ng'ombe akazungushwa, na mamkuu akapokea fungu lake akalitazama bila kulipika. Nilimwona alipoingia kwetu uani. Alizungumza na mama kwa sauti ya chini, na mama akainuka, akafunua chungu chetu, akatoa zaidi ya nusu ya nyama iliyokuwamo akampa. Wakaikata vipande virefu vyembamba, wakaianika nyuma ya nyumba chini ya wavu wa zamani, na mimi nikawekwa kufukuza nzi. Ilipokauka waliikaanga kwa samli ikawa nyirinyiri, wakaitia katika kijungu na kukifunga mdomo kwa kitambaa.

Harufu ya samli ndiyo iliyomleta bibi. Alisimama mlangoni akiwa na fimbo yake.

"Esha, hiyo si nyama ya zinguo?"

"Ndiyo, mama."

"Yenda wapi?"

"Kwa mwanangu." Mamkuu hakuinua kichwa. "Ng'ombe kazunguka mui wote, mama. Kawazunguka wachu wote, hata kuku na mbuzi. Shee hayumo ndani. Nami nikae nile?"

Bibi aliegemea fimbo yake. Nilidhani atapiga kelele, lakini alisema polepole, "Nyama hiyo ikivuka maji huita mchu. Na huyo mchu hayi pweke yake."

Alikuwa akisema kwamba mtu huyo haji peke yake. Hakukiondoa kijungu, wala hakumtazama mama, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa samli mpaka kwenye viwiko. Siku iliyofuata mamkuu alimpa kijungu baharia mmoja jirani yetu aliyekuwa akienda Kismayu, akamwomba amtafutie Shee kule wanakopasua mawe ya gati.

Mfungo Sita ukaingia, na hofu yetu ikageuka furaha, kwa sababu ni mwezi wa kuzaliwa Mtume. Kwetu Maulidi ilisomwa uwanjani mbele ya msikiti. Mikeka ilitandikwa, udi ukafukizwa, na wanawake tulikaa nyuma ya pazia la matanga ya vyombo tukichungulia kila penye tundu. Asubuhi ya siku hiyo, watu wakiwa bado wanapamba uwanja, Shee alitokea pwani. Alikuwa amekonda, nguo zimechanika, miguu imevimba. Alikuwa ametoroka, akatembea pwani kwa pwani, na wavuvi wakamvusha.

Mamkuu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Shee alimwambia mama yake, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, "Mama, nilipoionja ile nyama, singeweza kukaa tena. Nililia mbele ya wachu." Mamkuu akacheka na kulia kwa pamoja. Bibi naye alimshika kichwa mjukuu wake akambusu, kisha akauacha mkono wake juu ya paji la uso wa Shee muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Una homa," alisema.

"Ni uchovu, bibi."

Jioni ile hakuna aliyeachwa nje ya furaha. Kila mwanamume alimkumbatia Shee. Alikaa katikati ya vijana wakaimba kasida mabega yakigusana, na kikombe kimoja cha kahawa kikapita kutoka mdomo hadi mdomo. Waliposimama kwa kiyamu kumsalia Mtume, marashi yakinyunyizwa, Madi alikuwa amebebwa mikononi mwa Shee, kichwa chake kimelala shingoni mwa kaka yake. Sijaiona tena Maulidi nzuri kama ile, na mpaka leo nikisikia harufu ya marashi mimi huinuka nikatoka.

Ilikuwa ndui. Kule kwenye mawe ya gati watu walikuwa wamelala nayo, na Shee hakujua kwamba homa aliyotoka nayo ilikuwa hiyo. Alitoka vipele kwanza yeye, kisha wale waliokaa karibu naye, kisha waliowauguza. Serikali ilipopata habari ilikataza vyombo kuja kwetu na sisi kutoka. Mchele ukapungua, dawa hakuna, na sanda zilipokwisha wazee wakakata matanga. Pazia tulilochungulia siku ya Maulidi lilizika watu.

Madi alikufa asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Alikuwa hajaota meno yote ya mbele. Mama hakulia kama wanawake wengine. Alimwosha mwanawe akisaidiwa na bibi, akamfunga, akamkabidhi kwa baba, kisha akakaa uani akitazama mahali pale tulipoanika nyama.

Shee alipona. Uso ulibaki na makovu na jicho moja likawa na ukungu, lakini alipona, na nadhani ndiko kulikowauma watu zaidi. Kama angekufa, mamkuu angekuwa mfiwa kama wafiwa wengine. Sasa kila aliyezika mtoto alimwona Shee akipita.

Yule baharia ndiye aliyesema habari ya kijungu. Simlaumu, alikuwa amezika binti zake. Siku ya dua ya kuondoa balaa, mji mzima ukiwa uwanjani, alisimama akasema kwamba alichukua nyama ya zinguo mpaka Kismayu bila kujua ni nyama gani. Minong'ono ikapita kama upepo. Khatibu, mzee mpole aliyekuwa amezika wajukuu, akawanyamazisha. Alisema maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na nyama haina uwezo wa kuleta wala kuondoa. Alisema maneno ya haki, lakini aliyasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na watu walimsikia uchovu zaidi kuliko maneno.

Mwanamke mmoja akauliza, "Esha, ni kweli?"

"Ni kweli," mamkuu alijibu.

"Ulifanya na nani?"

Mama yangu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Nilikuwa nimeshika kanga yake, nikausikia mwili wake ukikauka wote. Mamkuu hakugeuza hata shingo.

"Pweke yangu," alisema.

Nilingoja mama aseme. Bibi pia alingoja, niliona. Mama hakusema, na watu wakatawanyika.

Hapakuwa na aliyetangaza kwamba mamkuu atengwe. Kwetu mambo hayo hayatangazwi. Watu waliacha tu kuja kwake kuomba moto, na kisimani waliondoka kila alipofika. Ramadhani ilipoingia, wakati nyumba zote zinapelekeana futari, alipika kama kawaida yake na kufunika sahani kwa kawa, akazipeleka. Zilirudi hazijafunuliwa. Niliziona zikirudi, moja moja, zimebebwa na watoto walioagizwa wasikae. Na mama, aliyekaa naye ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akisikia kila chungu kikikorogwa upande wa pili, hakuwahi kupeleka hata tende.

Asubuhi ya Idi takbira zilipanda kutoka msikitini, na baada ya sala watu wakaanza kuingia nyumba hadi nyumba kupeana mikono na kusameheana. Bibi alivaa nguo yake ya Idi, akasimama mbele ya mama.

"Inuka, tukampe mkono dadako."

"Nenda mwenyewe, mama."

"Nyama ile naikumbuka ilivyotoka."

"Nenda, mama," alisema mama. "Nakuomba."

Bibi akanishika mkono tukaenda. Yeye ndiye aliyeonya, na onyo lake likawa kama alivyolisema; kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukaa nyumbani siku ile ni yeye. Badala yake aliingia kwa mamkuu, akaketi mkekani akala, akaomba aongezwe. Mamkuu alikuwa amepika chakula cha kutosha mtaa mzima. Shee alikaa pembeni, uso ameelekeza ukutani ili nisiogope. Hakuna mwingine aliyekuja. Tulipokuwa tunaondoka, mamkuu aliniinamia akauliza, "Mamako alilala?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mpe mkono wangu wa Idi."

Niliufikisha ujumbe. Mama alikuwa anasafisha samaki, na aliendelea kusafisha samaki.

Siku chache baadaye, mamkuu na Shee walihamia Burgao, kule pwani ya bara. Walibeba mikeka na vyungu wakaondoka mchana kweupe, watu wakiwatazama kutoka vibarazani. Bibi pekee ndiye aliyewasindikiza mpaka majini, na yeye mwenyewe hakumaliza mwaka.

Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika. Nimefikiri sana kuhusu mama. Watu wa nje wangesema alikuwa mwoga, na mimi mwenyewe nilimchukia kwa miaka mingi. Sasa naona kwamba kama angefungua kinywa siku ile, angekuwa anasema kuwa aliyemwita Shee ni yeye pia, kwa mikono yake, na kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomwosha Madi. Aliiamini ile nyama kuliko bibi alivyoiamini. Mimi siamini tena. Ndui ilikuwa Kismayu, na ingetufikia kwa njia yake, kwa baharia au kwa askari. Lakini mama hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo, na khatibu alipomwambia alikuwa amechoka.

Habari za kifo cha mamkuu zilitufikia Wataliani wakiwa wameshaondoka, nami nikiwa mke wa mtu. Mama aliandaa khitma nyumbani kwake. Wanawake walipouliza ni ya nani, wakaambiwa, wengine walijifanya wana wagonjwa. Walikuja wachache. Walipomaliza kusoma, mikono bado imeinuliwa kwa dua, mama akasema, "Nyama ile nilitoa mimi zaidi ya nusu. Dada yangu alinifichia."

Mmoja alikohoa, mwingine akaitikia amina, na buli la kahawa likaletwa. Mama aligeuka akatazama mlangoni, akakaa akiutazama mpaka kahawa yake ikapoa.

Mimi hufikiria Ramadhani ile, na mamkuu akipokea sahani zake zilizorudi. Neno moja tu, jina la mama, lingetosha. Angelisema, angekuwa na mwenzake wa kulaumiwa, na pengine mji ungechoka kuwachukia wawili. Alikaa nalo mwezi mzima, akalivusha Idi, akahama nalo, akazikwa nalo Burgao. Nimekaa na wacha Mungu wengi maishani mwangu, waliohiji na waliohifadhi Kurani, na sijaona aliyefunga saumu kama ile.