Waya Unaouma

Kamera ilimuuma Vasuki shavuni, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Ulikuwa mtekenyo tu wa umeme, lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na flashi ile kuukuu iliwahi kumtupa baba yake chini akiwa na kamera mkononi.

Kosa lilikuwa la Vasuki mwenyewe, sitamtetea. Asubuhi ile, katika ukumbi wa arusi hapo Madurai, kusini mwa India, kifaa cha redio cha kuwashia flashi bila waya kilikataa kazi.

"Nimebadili betri, dada. Kimya," alisema Ilango, mdogo wake.

"Basi lete waya wa baba, tuiunge kamera na flashi."

"Ule unaouma?"

"Wewe shika stendi. Mengine mwachie mpiga picha."

Picha kubwa iliyobaki ilikuwa moja: bwana arusi akimfunga mwenzake tali, ule uzi wa manjano, shingoni. Hufungwa mara moja, na saa yake njema haimngoji mtu. Mzee Sivasamy, baba wa bibi arusi, alikuwa amemwambia, "Mama yangu hainuki kitandani. Picha hiyo ndiyo arusi yake."

Sasa Sivasamy alikuwa ametoka kumwosha mkwewe miguu kwa maji na maziwa, kama ilivyo ada, na maji yalitambaa jukwaani kuelekea waya wa flashi, pale ulipochunika na Vasuki akapafunga kwa utepe. Jukwaani hakuna mwenye viatu. Aliziona nyayo zote zile tupu, za Ilango zikiwemo. Aliita. Nani amsikie? Zumari na ngoma zilikwisha panda, maana tali ikifungwa hupigwa kwa nguvu ili neno la nuksi lisifike masikioni mwa maarusi. Bwana arusi alikuwa ameinua uzi.

Vasuki akaiachia kamera ining'inie, akakimbilia ukutani, akachomoa plagi ya flashi. Alipogeuka, mchele wa manjano ulikuwa ukirushwa, fundo limekwisha fungwa, na maji yameufunika utepe.

Ngoma ziliponyamaza Sivasamy alimjia. "Umeipata?"

"Hapana, mzee."

"Hapana vipi? Nimekuona kwa macho yangu unakimbia. Akili zako zilikuwa wapi?"

Watu waligeuka. Maarusi walikuwa karibu, wakisikia kila kitu. Jibu Vasuki alikuwa nalo, lakini kifo hakitajwi mbele ya tali mbichi. Bibi arusi angelibeba neno hilo maisha yake yote, kila mumewe akichelewa kurudi nyumbani. Ilango alifungua mdomo, dada yake akamkanyaga kidole.

"Nilizubaa," alisema Vasuki.

"Ulizubaa. Nenda wewe ukamwambie mama yangu hivyo." Sivasamy akarudi jukwaani kwa wanawe, akikanyaga yale maji, nayo hayakumfanya kitu.