Betri za Geti la Darasani

Mwaka ule watu walipohamishwa kutoka mashamba yao ya mbali na kupangwa katika kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, binti wa miaka ishirini na mmoja, kwenye stesheni ndogo kati ya Manyoni na Itigi. Waliopima kijiji waliweka nyumba upande mmoja wa reli, na shule ilikuwa upande wa pili. Kila asubuhi watoto ambao hawajawahi kuona treni kwa karibu walikatiza relini wakikimbizana. Treni ya mizigo ilipokata ndama wawili, mwalimu mkuu alisema tusingoje ikate mtoto.

Mlinzi wa geti la reli akaja shuleni mwenyewe. Alikuwa mzee Mnyaturu, umri umeshapita hamsini, mpole, na kofia yake ya kazi haikumtoka kichwani. Alituambia, "Nipeni meza moja na wiki tatu. Hawa watoto watajifunza kwa macho."

Alikuwa na treni ya kuchezea ya bati, ya kuzungushwa ufunguo, iliyoachwa na mtoto wa mhandisi mmoja Mzungu walipoondoka baada ya Uhuru. Akakata vipande vya debe la mafuta akatengeneza reli, akaizungusha meza nzima. Akachora barabara kwa chokaa, akaweka geti la spoki ya baiskeli, na kando yake akasimamisha vijiti viwili vyenye globu za tochi alizozipaka wino mwekundu. Taa za namna hiyo alikuwa ameziona Dar es Salaam. Geti letu la kweli halikuwa na taa, lilikuwa na yeye na bendera yake.

Ujanja wake ulikuwa kwenye zile reli. Karibu na barabara alizikata akaziunganisha na waya, kiasi kwamba magurudumu ya treni yakipita hapo yanaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, na umeme wa betri mbili zilizo kwenye kijisanduku chini ya meza unafika kwenye globu. Treni ikifika, taa zinawaka. Ikipita, zinazima. Mara ya kwanza alipotuonyesha, mwalimu mkuu alipiga makofi kama mtoto.

Betri zile mbili zilitoka kwa stesheni masta. Duka la kijiji lilikuwa halijapata betri kwa miezi mingi, na redio yangu ilikuwa kimya juu ya sanduku la nguo. Wakati huohuo kijana mmoja niliyekuwa nikiandikiana naye alinitumia barua kwamba amenipelekea salamu redioni, nisikilize jioni za wiki ile. Nilitaka kusikia jina langu likitajwa. Sina sababu nyingine.

Ufunguo wa darasa nilikuwa nao mimi. Jumatatu baada ya masomo nilizitoa betri, nikasema nitazirudisha asubuhi. Jina halikusomwa. Nikazichukua tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Usiku ule wa Alhamisi redio ilianza kukoroma. Ijumaa nilizianika betri juani juu ya bati siku nzima, kama tulivyozoea kufanya ili zipate nguvu kidogo, kisha nikazirudisha kwenye kijisanduku. Nikaisukuma treni hadi barabarani. Taa ziliwaka, hafifu, lakini ziliwaka. Nikajiambia zitatosha.

Jumamosi, siku ya maonyesho, wazazi walikuja, na katibu kata, na stesheni masta akiwa amevaa suti. Mzee alieleza vizuri, akazungusha ufunguo, akaiachia treni. Ikapita barabarani. Taa hazikuwaka.

Akacheka kidogo. "Kutu hiyo," akasema, akasugua magurudumu kwa msasa. Akairudisha treni. Kimya. Akaitoa, akalaza msumari juu ya reli zote mbili ili kuziunganisha bila treni. Kimya. Akafungua globu moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaweka nyingine. Wazazi walianza kunong'ona. Jasho lilikuwa likimtoka chini ya kofia.

"Mwalimu, nishikie hapa," akaniambia.

Nikashika ncha ya waya. Alipiga magoti chini ya meza, akafuata waya kwa vidole kutoka reli hadi kwenye kijisanduku, akitafuta ulipokatika. Haukukatika popote. Nilijua kosa liko wapi, na bado nilisimama nimeshika waya.

Mwisho alizitoa betri, akazigusisha moja kwa moja na globu. Uzi wa ndani ukawa mwekundu kama sindano iliyopashwa moto, kisha ukafa. Kila mtu aliona.

Akaniangalia kutoka pale chini. "Mwalimu, kuna mtu aliyezigusa hizi?"

"Hapana, baba," nikasema.

Stesheni masta akaja mbele. "Nilikupa betri mpya kabisa. Za Reli. Umezitia kwenye tochi yako, sivyo? Mzee mzima!"

"Sikuzitia, bwana."

"Basi zimekwenda wapi? Kama geti la kuchezea linakushinda, la kweli nikuachie vipi?"

Watu wengine walicheka. Mzee alikusanya msasa na misumari yake, akaondoka bila kunywa chai tuliyomwandalia.

Haikupita wiki mbili, tukasikia ameondolewa getini, anapelekwa kwenye genge la kutengeneza njia huko mbele ya Itigi, kubeba mataruma yanayolaziwa reli pamoja na vijana. Ndipo nilipokwenda kwake. Mkewe alikuwa akifunga vyungu kwa kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Nilimwambia yote, redio na salamu na kuanika betri juani. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atasema basi, yameisha, maana wazee wetu wengi wangesema hivyo.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuwa chini ya meza, nikakuuliza. Ukaniita baba, ukasema hapana."

Mkewe aliacha kufunga kamba. Mzee akavaa kofia. "Twende. Haya maneno kayaseme ulikonyamazia."

Nikayasema mbele ya stesheni masta. Aliona aibu, nadhani, maana alianza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Betri mbili tu, mwalimu," akasema. Lakini barua yake ya kumshtaki mzee ilikuwa imeshakwenda kwa wakubwa. Aliandika nyingine siku ileile, mimi nikiwa nimekaa pale. Jibu lilikuja baada ya mavuno.

Mzee alirudishwa getini. Kule kwenye genge taruma lilikuwa limemwangukia mgongoni, na tangu hapo aliinua mti wa geti kwa upande, akikunja uso. Nilipita pale kila siku kwa miaka miwili hadi nilipohamishiwa Singida mjini. Nilimwamkia, naye aliitikia kama anavyoitikia mpita njia yeyote. Mkewe, aliyekuwa akiniletea maziwa, hakuniletea tena. Yule kijana wa salamu alioa kwao, sikumlaumu.

Wanangu wanaijua habari hii. Nimewasimulia mara nyingi ili wajifunze kusema kweli. Ila nikiwasimulia, huwa nasema nilikwenda kwa mzee kesho yake asubuhi.