Barua Moja yenye Herufi Nene

Jina la Dada Kamba nilimpa mimi. Siku ya kwanza alipokuja ofisini kwetu kushikilia nafasi ya mama wa mapokezi, aliyekuwa amekwenda kujifungua, alikaa kitini na kuvua shingoni kamba nyeusi, zile za kuvalia kitambulisho. Kitambulisho hakikuwepo. Palining'inia flashi, naye akaichomeka kwenye kompyuta kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi. Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya pampu za maji. Kazi yangu ni kuhesabu boliti na kununa, na wageni wanaojifanya wako kwao hunikera.

"Unatuletea virusi," nilimwambia.

"Nimebeba barua zangu tu, kaka. Nikiondoka, kompyuta yenu haitakumbuka kwamba niliwahi kuikalia."

Alisema hivyo akicheka, mimi sikucheka. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa hivyo: kukalia viti vya watu. Huyu kaenda likizo, yule kavunjika mguu, mwingine kajifungua, naye huitwa. Droo anazofungua zina vitana vya wenzake, na picha za watoto zilizobandikwa ukutani si za wanawe. Alikuwa na tabia moja niliyoigundua baadaye: kabla hajashusha kiti kiendane na kimo chake, huweka alama ndogo ya kalamu kwenye mhimili, ili siku ya kuondoka akirudishe pale pale alipokikuta.

Nyumbani alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na simu ya vitufe. Kompyuta hakuwa nayo. Ndiyo maana programu yake ya barua pepe, pamoja na barua zote, iliishi ndani ya ile flashi. Popote alipoichomeka ilifunguka vile vile alivyoiacha, na akiichomoa hakuna kinachobaki nyuma.

Aliyemtengenezea alikuwa mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, wazazi walishatangulia, na huyo mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea madaraja nchi ya mbali. Alimwambia, "Dada, wewe huna meza, basi beba ofisi yako shingoni." Na kwa kuwa sanduku lake la barua kule mtandaoni lilikuwa dogo na likijaa upesi, aliiseti programu hivi: barua ikishashuka kwenye flashi, kule ilikotoka inafutwa. Kwa hiyo kila alichowahi kuandikiwa kilikuwa shingoni mwake na si kwingine.

Nilipojua hilo presha ilinipanda. "Mtu mwenye akili zake huweka nakala pengine!"

"Pengine wapi, kaka?"

Nikarudi zangu stoo kuhesabu boliti.

Nilikuwa nikimtania pia kwa tabia yake ya kujibu kila kitu. Mdogo wake akiandika "nimefika", yeye hujibu. Akiandika "asante", anajibu asante hiyo. Alinionyesha mwenyewe, akisogeza ile orodha ndefu kwa kipanya, siku moja ya mapumziko ya mchana tulipobaki wawili mapokezi. Juu kabisa ya orodha palikuwa na barua moja yenye herufi nene, namna programu inavyoonyesha barua isiyofunguliwa. Kichwa chake kilisema: *Dada, ukipata nafasi.*

"Hii mbona hujaifungua?"

Akasogeza kipanya mbali nayo kwanza, ndipo akanieleza. Asubuhi moja, miaka miwili nyuma, mafundi waliofanya kazi na mdogo wake walipiga simu kusema ameugua ghafla na amefariki. Dada Kamba alikuwa zamu kwenye ofisi fulani ya bima. Akachomeka flashi atafute anwani ya waajiri wa mdogo wake, na programu ikashusha barua mpya. Ilikuwa ya huyo mdogo wake, ameituma jana yake jioni.

"Nikiisoma, atakuwa amemaliza kuniambia," alisema. "Ikikaa hivi, bado ana neno."

Nilitaka kumwambia huo ni upuuzi. Nilijikuta nimemmegea nusu ya chungwa langu.

Wiki za mwisho za Dada Kamba kwetu, mama wa mapokezi alipita kutuonyesha mtoto. Ofisi nzima ikamiminika. Hata mkurugenzi, ambaye kwa kawaida hata salamu huitikia kwa kichwa, alitoka akimchekea mtoto kwa sauti nyembamba. Flashi ya Dada Kamba ilikuwa imejaa, na muda mfupi kabla ya hapo programu ilikuwa imemwuliza kama ibane mafaili ipate nafasi. Alikuwa amekubali, akalishusha dirisha ili lisionekane, kazi ikiendelea chini kwa chini. Alipomwona mzazi amesimama na mtoto mkononi, aliinuka mbio kumpisha kiti.

Mama wa mapokezi akakaa mahali pake pa siku zote. "Ngojeni niwaonyeshe picha za siku aliyozaliwa," akasema. Akaona flashi imechomekwa, akaichomoa, akachomeka yake. Wote tukainama kutazama. Nilimwona Dada Kamba nyuma ya mabega ya watu, mkono wake umeinuka nusu na kubaki hapo hapo.

"Jamani, ilikuwa yako? Nilidhani ya ofisi."

"Hakuna neno, mama. Hongera. Mtoto mzuri."

Walipohamia chumba cha chai na kelele zao, alirudi kitini, akachomeka tena flashi yake. Nikasimama kando yake, sijui kwa nini, stoo nimeiacha wazi. Programu ilifunguka kwa shida. Orodha ilikuwepo, majina na vichwa vyote, nikashusha pumzi. Akabofya barua moja ya zamani. Ukurasa mweupe. Akabofya nyingine. Mweupe.

Akaenda kwenye zile alizotuma yeye. Hizo zilikuwa nzima; kule kubana kulikokatizwa hakukuwa kumezifikia. Na chini ya kila jibu lake, kama programu hizi zinavyofanya, yalinakiliwa maneno aliyokuwa akiyajibu: *nimefika, dada, baridi ya huku inauma masikio, nimekula, usiwe na wasiwasi.* Alipita moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Ule ujinga wake wa kujibu kila kitu, nilioucheka mimi, ulikuwa umemwokolea mdogo wake mzima mzima.

"Zipo," nikasema. "Si unaona? Zote zipo!"

"Zile nilizojibu, kaka."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile moja asiyowahi kuijibu. Alirudi juu ya orodha. Alikaa akiitazama *Dada, ukipata nafasi*, halafu akabofya. Ukurasa ukaja mweupe kama zile nyingine, na juu kule herufi nene zikasinyaa zikawa nyembamba, kwa sababu kwa hesabu za programu barua ilikuwa imeshasomwa.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa. Chumba cha chai walikuwa wakicheka. Nilisema pole, neno dogo kuliko yote niliyowahi kusema pale ofisini, na machozi yakanilenga mimi mzee mzima.

Yeye hakulia. Alibofya kwa upande wa kulia wa kipanya, akashuka kwenye maneno *Weka kama haijasomwa*, akabonyeza. Herufi zikanenepa tena.

Kisha akafunga programu, akaiomba kompyuta ruhusa ya kutoa flashi, akasubiri mpaka taa yake ndogo ikazimika, akaivaa shingoni. Akainama akatafuta ile alama ya kalamu kwenye mhimili wa kiti, ingawa siku yake ya kuondoka ilikuwa bado.